Umekuja na Nani?

Kabati letu lina kioo na taa nyeupe, kama la sonara.
Bastola thelathini na mbili zimelala ubavu,
kila moja na kikaratasi chake:
dola kumi na tano kwa saa, risasi ununue hapa hapa.
Kushoto kwetu wanauza mazulia,
kulia wanasafisha watu figo,
na sisi katikati, Amarillo, Jumanne,
upepo ukitupa changarawe mlangoni.

Miaka sita nyuma ya kaunta hii, nawajua wachaguzi.
Kijana hutaka ile ya kwenye sinema,
nyeusi, nzito, mdomo kama bomba la jiko;
akifyatua mara moja
huniuliza choo kiko wapi.
Mume humchagulia mke:
hii ndogo, mpenzi, itaenea mkobani.
Namngoja mume ageuke, namnong'oneza mke:
ndogo ndiyo ipigayo teke.

Bibi Verlene Stubbs aliingia saa nne na nusu,
ndani ya koti la mwanamume, mikono ya koti imekunjwa mara mbili.
Leseni yake ilisema sabini na moja.
Aliniambia, bila kuulizwa, kwamba ameendesha basi la shule
miaka ishirini na tisa na hajawahi kumsahau mtoto.

Nikamtolea ya milimita tisa. "Koki," nikasema.
Akavuta.
Vidole vyenye mafundo kama tangawizi
vikavuta tena; chuma kikasogea unywele mmoja,
kikarudi kwao.
"Hii haipokei salamu."
Nikamtolea ya pili, yenye mpini wa waridi.
Akaitazama kama pipi ya daktari wa meno.
"Sikuja harusini, mwanangu."

Basi nikainama kwenye rafu ya chini
nikaitoa rivolva, thelathini na nane, kongwe kuniliko,
mti wa mpini umekwanguka, hesabu yake ya uwanjani haijulikani.
Hii haikokiwi. Unaifungua tumbo,
unapanga sita, kama mayai.
Akaifungua. Akaifunga. Tka.
Mkono wake uliishika
jinsi unavyoshika kitasa cha nyumba uliyohama zamani.
"Hii," akasema,
na sauti yake ikanipa baridi, sijui kwa nini.

Fomu ina maswali kumi na moja. La tisa: Umekuja na nani?
Asiye na silaha yake hakodishiwi akiwa peke yake.
Kanuni imebandikwa ukutani, sababu haikubandikwa.
Kibanda namba nne tulikipaka rangi upya mwaka juzi,
rangi ile ile, lakini ukisimama pembeni
unaiona ilipoanzia.

"Nimekuja na gari," akasema.
"Na mtu?"
Akageuka kuutazama mlango, akautazama kweli,
kama mtu anayekagua viti vya nyuma.
"Mpenzi wa haya mambo alikuwa Lyle.
Mimi nilikuwa nabaki garini, nafuma."

Maneno ya kumrudisha nilikuwa nayo, tumefundishwa,
yana adabu, yana namba ya simu mwishoni.
Nikamwita Octavio: njoo ushike kaunta.
Kwenye mstari wa tisa nikaandika jina langu,
Dewey Pruitt, kwa mwandiko mbaya.

Kibanda namba saba. Nilimpa risasi moja moja.
Hakuuliza kwa nini moja moja.
Ya kwanza ilikwenda ilikotaka.
Ya nne ilitoboa sikio la mtu wa karatasi,
naye akasema samahani, kwa sauti, kwa karatasi.
Baada ya sita alinirudishia, mpini mbele,
akavua miwani, akafuta macho,
moshi ule, alisema, na mimi nikasema ndiyo, moshi.

Alinunua boksi la hamsini. Hakulichukua.
Liko chini ya kaunta, jina lake juu kwa kalamu nene.
Arobaini na nne.
Leo Jumanne, upepo, saa tano kasoro.
Nimezihesabu tena.