Kamba ya Kupimia

Kila Septemba, kabla kondoo hawajateremshwa milimani,
tulikwenda kuipima barafu
kama watu wanaompima mgonjwa uzito.
Babu Eyvindur alichagua jiwe, mwaka wa thelathini na moja,
akalipigilia msumari wa chuma, akafunga kamba,
akaivuta hadi pale ulimi wa barafu ulipolamba changarawe.
Mita kumi na nne.
Akaandika kwa penseli, na pembeni:
*Mvua. Kondoo mmoja anachechemea.*

Daftari hilo sasa ni langu.
Mwandiko wa Babu unainama, wa Baba umesimama wima kama uzio,
wangu mimi, Hallbera, hausomeki na mwingine.
Nalipenda kwa kuwa halijui kubembeleza.
Kuna miaka barafu ilirudi mbele,
Baba akapiga mistari miwili chini ya tarakimu, kwa furaha.
Kuna mwaka mlima ulitapika majivu:
ukurasa ule ungali wa kijivu, unakwaruza kidole.

Ndiyo maana Ketill, jirani yangu, mbishi wa kuzaliwa, husema:
"Si unaona? Huja, huenda.
Dunia haikungoja mtu awashe kibiriti ndipo ibadilike."

Haikungoja, Ketill. Basi tuwaite washukiwa, mmoja mmoja.

Jua: limetazamwa kwa vyombo vilivyo juu ya mawingu
miaka arobaini na ushee,
wala halijaongeza hata ukuni mmoja mekoni.
Volkano: moshi wake hutia kivuli,
hupoza mwaka, pengine miwili, kisha huenda zake.
Dunia hupepesuka katika mzunguko wake, kweli,
lakini kwa mwendo wa kobe, maelfu kwa maelfu ya miaka;
huyu aliyeingia humu
alikuja mbio, na viatu hakuvua.

Tena sikiliza: anga la juu kabisa linapoa
huku sisi wa chini tukivuja jasho.
Lingekuwa jua, lingepasha dari na sebule pamoja.
Hili ni blanketi, Ketill,
na blanketi lina alama ya mfumaji:
kaboni ya angani ina umri wa makaa,
wa misitu iliyozikwa kabla ya yeyote kuwapo wa kuililia.

Nasema *mfumaji*
na funguo za gari zinanichoma mfukoni.
Kila mwaka barafu ilikuwa mbali zaidi,
kila mwaka tuliifuata kwa dizeli zaidi.
Hilo daftari halina safu yake.

Mwaka huu nilihitaji boti.
Kati ya jiwe la Babu na barafu kumelala ziwa
ambalo ramani bado haijalipa jina,
rangi yake maziwa yaliyomwagikiwa majivu.
Ketill ana boti. Ketill haazimi boti bila Ketill.
Akapiga makasia kimya hadi kwenye mwamba wa ng'ambo,
penye msumari wangu wa tano,
akachuchumaa, akaishika ncha ya kamba kwa kidole gumba.

Nikaenda nayo, nikihesabu.
"Themanini na sita!" nikapaza sauti.
Mwaka jana palikuwa hapana hata thelathini.
"Pima tena," akasema.

Nikarudi nikiikunja kamba.
Nyuma yangu kitu kikapasuka, si kwa kishindo,
bali kama mtu anayeketi kitako kwenye kiti kibovu;
ziwa likainuka, likatulowesha magoti,
likajilaza.

Nikapima tena.
Themanini na tisa.

Ketill hakusema kitu.
Nilimwambia imetosha, aachie kamba.
Kidole chake kilikuwa cheupe juu ya msumari.
Hakuachia.