Kwa Mwenye Namba Yangu ya Zamani

Nafuna wa Chwele, habari ya vitunguu?
Ni mimi tena, yule wa Jumapili,
niliyepiga namba yangu mwenyewe
nikasikia mwanamke akisema "Haloo?"
na nyuma yake jogoo, na redio, na mtoto akikohoa.

Sikujua nianzeje.
Unamwambiaje mtu: hapo ulipo nilikuwa mimi?

Simu ile ilinitoka Kibuye, siku ya soko,
kati ya mitumba na makarai ya omena.
Nikanunua nyingine, laini nyingine, maisha yakaendelea.
Kampuni ikangoja kimya changu miezi kadhaa
kisha ikakupa namba,
jinsi mgeni apewavyo shamba la marehemu
bila kuonyeshwa kaburi.

Lakini majina yangu hayakujua kwamba nimehama.
Yote kumi na moja, niliyanunua usiku usiku
katika chumba changu cha Nyalenda, bando likikaribia kuisha:
jina la mchele, jina la samaki,
jina la nyumba za kupanga kule Riat,
kila moja na mkia wake, nukta-ko-nukta-ke.
Kila Januari nayalipia kama kodi ya ploti
ambayo hakuna aliyewahi kuuliza bei.

Hivyo ndivyo nilivyodhani.
Nikaulaumu uchumi, nikailaumu Nairobi,
nikamlaumu shemeji aliyesema jina haliliwi na ugali.
Nikajipoza: chema chajiuza.
Kumbe chema nacho hutaka mtu wa kukifungulia mlango.

Nawe ukaniambia, bila haraka:
"Aa, wewe ndiwe mwenye majina.
Wamekutafuta."

Ukafungua daftari la madeni ya wateja, ukasoma.
Machi, mwanamume, sauti ya kukwaruza:
"Mama, unauza jina?"
Ukamjibu: "Langu? Hili ni la nyanya mzaa baba.
Nililia siku mbili hadi nilipopewa. Naliuzaje?"
Akacheka, akakata.
Juni, msichana wa benki fulani, Kiingereza kingi.
Ukamtajia bei ya gunia la vitunguu
naye akaiandika, ukaisikia kalamu.
Agosti, mwenye kinu cha mchele, Ahero.
Huyo alipiga mara tatu.
Ya tatu akasema, "Basi mama, samahani,"
kwa upole, kama mtu aliyebisha hodi ya mwisho
na adabu ikamwambia ageuke.

Hodi tatu, Nafuna. Nami ndani, macho,
nimeketi gizani nahesabu vyombo vyangu.

Kinu kimeshajichukulia jina lingine,
refu, lina kistari katikati, kama kiatu cha kuazima.
Wamelichora ubavuni mwa lori.
Lilinipita juzi pale Nyamasaria
nikasimama kando, nikala vumbi lake.

Sikulaumu. Ulisema kweli:
"Ningekutafuta wapi? Wao walikuwa na namba yako.
Mimi nilikuwa nayo.
Kila mtu alikuwa na namba yako, ila wewe."

Leo nimeshinda nikibadilisha,
jina baada ya jina, mara kumi na moja:
namba mpya, anwani ambayo nywila yake naikumbuka,
na juu ya kila ukurasa mtupu nimeandika
kwa herufi nene kama za bango la kinyozi:
Linauzwa. Piga. Hata usiku.
Simu nimeisimamisha kikombeni, dirishani,
pale mtandao unaposhika.
Imelia mara moja.
Alikuwa mama, akiuliza kama nimekula.

Wakikupigia tena, na watapiga,
maana namba ya zamani haifi upesi,
wape hii. Iandike nyuma ya daftari,
chini ya wadeni wako.
Na yule wa Machi, wa sauti ya kukwaruza,
hukubaki na namba yake?
Hata tarakimu mbili za mwisho?