Kila Tatu Ni Mbili

Bahasha ilifika Jumanne, theluji ingali kizingitini.
Niliifungua kwa kisu cha kukwangulia gundi,
nikaisoma wima, koti mwilini:
Corliss Amundson. Uhandisi Mitambo.
Tathmini ya masomo yaliyohamishwa.

Kule Spokane tulihesabu kwa robo mwaka,
huku Montana wanahesabu kwa muhula,
na kibaba cha kule si kibaba cha huku:
kila tatu zangu ni mbili zao.
Krediti tisini na sita zilibisha hodi,
sitini na nne zikapewa kiti.
Hilo nililijua. Hesabu haina chuki.

Lakini kuna safu ya mwisho, ya kulia kabisa,
ambako mtu nisiyemjua
ameujibu kila usiku wangu kwa neno moja.
Kalkulasi ya kwanza, ya pili, ya tatu: sawa.
Kemia: sawa.
Uandishi wa ripoti: somo la hiari.
Saketi za umeme: hapana, halina maabara.
Mekanika tuli: hapana.
Hapana isiyo na mkia,
kavu kama ubao uliotoka tanurini.

Halina maabara!
Mwaka ule nilikuwa nanoa misumeno ya kiwanda cha mbao,
zamu ya alfajiri; saketi nikazisoma usiku
katika chumba kilicho juu ya duka la matairi,
Britta amelala chini ya meza, miaka minne,
kidole mdomoni,
na mzee Pruitt akifundisha
huku akishusha sauti kila akipita karibu naye.
Mashine ilipozimika kiwandani, nani alifungua kisanduku?
Nani aliuona waya ulioguguniwa na panya?
Hayo hayakuandikwa popote.
Karatasi ya matokeo inajua nilipata B.
Haijui niliipata wapi.

Wasemao haba na haba hujaza kibaba
hawajaulizwa kibaba ni cha nani.

Ijumaa niliendesha gari mwendo wa saa mbili hadi chuoni,
sanduku la viatu kwenye kiti cha abiria:
silabasi, daftari saba,
mtihani wa mwisho wenye doa la grisi.
Profesa Bakewell hakuligusa sanduku.
Aligeuza bahasha yangu, akanisogezea kalamu.
"Ngazi imeegemea ukuta. Ukuta unateleza, sakafu haitelezi.
Nichoree nguvu zote."

Nikachora. Uzito, katikati, kwenda chini.
Ukuta ukisukuma, mlalo.
Sakafu ikibeba. Kisha msuguano,
kile kishale cha miguuni ambacho watu hukisahau
na ndicho kinachomrudisha mpaka rangi nyumbani kwake.
"Na mtu akipanda?"
Nikamchora mtu. Nikampa na ndoo.

Alitazama. Theluji ikaporomoka kutoka paani.
"Nani alikufundisha kuweka mshale kabla ya namba?"
"Pruitt. Juu ya matairi."
Akaikata ile hapana, akaandika sawa,
wino ukavuka mstari.

Saketi akazikataa.
Alikuwa na haki, au hakuwa nayo;
sheria ilikuwa ukurasa wa kumi na moja
na alinisomea yote.

Basi tangu Septemba nakaa safu ya mbele,
miaka thelathini na mmoja kati ya watu wa kumi na tisa,
nikingoja mwalimu aifikie sura niliyoimaliza zamani.
Jana kijana wa kando yangu, Teagan, alikosea waya.
Ile harufu naijua. Nimeilipia mara mbili.
"Zima kwanza," nikamwambia, "ndipo utafute."

Jioni Britta, sasa wa miaka saba,
aliniuliza kama nimejifunza kitu kipya.
Nikafikiri kwa muda, viatu bado miguuni.
Nikamwambia maabara yao ina madirisha.