Mpini wa Ufagio

Daktari wa Idrija aliitazama picha ya mifupa yangu
kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi.
Baridi yabisi, akasema,
kama anayemtaja mgeni aliyekuja na mizigo yake yote.
Na hiyo pikipiki je?
Nikamjibu: hiyo haiumwi.

Miaka arobaini na mmoja nilifuma lesi,
vijiti vikigongana juu ya mto, ta-ta-ta, hadi usiku.
Vidole vilivyojua njia gizani
leo vinashindwa na kifuniko cha asali.

Usukani uliotoka nao kiwandani
ulikuwa chini, mwembamba, wa mbali,
ukinitaka niisujudie barabara.
Kufika Tolmin viganja vinawaka,
gumba la kulia limekuwa msumari.

Kwa Cvetko sukani zimetundikwa ukutani kama pembe za mawindo.
Nikachagua kwa macho,
kama mtu anavyochagua viatu vya harusi:
ule mrefu, unaong'aa.
Cvetko hakubisha.
Akaleta ufagio, akaung'oa kichwa, akanipa mpini.

Panda. Fumba macho. Shusha mabega, Zdenka,
hakuna anayekupiga.
Sasa iache mikono iende inakotaka.

Ikaenda.
Juu kuliko nilivyodhani,
karibu na kifua kuliko fahari yangu ilivyoridhia.
Na hapo hapo vifundo vikalia,
maana mpini umenyooka, nami sijanyooka.

Umeona? akasema.
Samaki hukunjwa angali mbichi.
Wewe umeshakauka.
Basi tukunje chuma.

Akaandika kwa chaki juu ya tangi:
sita juu, nne nyuma, ncha zilale kidogo.
Kebo ya klachi haikufika, tukangoja nyingine wiki mbili.
Mishikio akaivika mpira mnene,
kwani chembamba ndicho kinachotaka kukabwa,
na mimi sina tena nguvu za kukaba kitu.

Wifi yangu Marjeta alikuja, akaizunguka, akacheka:
Mbona kama baiskeli ya posta!
Ndiyo, nikasema. Na barua hufika.

Jumapili nikapanda bondeni kando ya Soča,
mto wa kijani upande huu, theluji ya mwisho upande ule.
Viwiko vimelegea, kona zinakuja moja moja.
Siwadanganyi, maumivu hayakushuka.
Yalikaa nyuma yangu kama abiria,
yamenishika kiuno,
yakinung'unika kila penye shimo.
Ila hayakuendesha.

Huko Trenta nilisimama ninywe chai
na chupa ikakataa kufunguka.
Kijana mmoja mpanda milima akanifungulia,
kisha akaomba aketi kidogo, aushike usukani.
Mama, akasema, mbona uko karibu sana?

Nikapuliza chai yangu.
Subiri, nikamwambia.