Jiwe Halimo Kwenye Fomu

Kamwene, akasema, akaweka juu ya meza yangu
kitu kilichoviringishwa gazeti, kisha khanga, kisha gazeti tena.
Ilikuwa wiki ya tatu ya msamaha wa silaha. Mafinga ilikuwa na ule ukungu
unaoingia ofisini bila kupiga hodi na kukaa kwenye kiti cha mgeni.
Nilitegemea gobore. Magobore nimeyapokea kumi na saba,
ya bomba la maji, ya chuma cha usukani wa Landrova,
kila moja na fundi wake, ninayemjua na sitamtaja.

Hii ilikuwa bastola.
Fupi, nzito, mkono umepinda kama paja la mbuzi.
Nikachokonoa nta iliyoziba mtutu, nikapitisha kidole:
laini kama koo, hakuna mifuo ya kuizungusha risasi.
Fataki haina. Penye fataki pana kisahani cha baruti,
na juu yake taya za chuma zimeuma jiwe.
Gumegume. Neno nililisikia utotoni, sikuwahi kulishika.

Fomu inauliza: Aina. Namba. Mwaka. Nchi ilikotengenezwa.
Namba hakuna.
Nikachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, nikasugua bamba la ubavuni
polepole, kama unavyomfuta uso mtoto aliyelala.
Akatokea ndege, mbawa wazi, shingo kaigeuza.
"Kuku," akasema Bi Leokadia Kihwele. "Sisi tulimwita kuku."
Chini ya kuku, herufi mbili: U, S.
Nyuma ya mtambo, mwaka, kutu imekula mwisho wake:
elfu moja mia nane na
basi.
Na mdeki haukutoka mkononi nilipouvuta;
umefungwa kwa bawaba kwenye mdomo wa mtutu,
askari wa farasi asije akaudondosha mbioni.
Aliyewaza hilo aliwahi kudondosha kitu.

"Ya Merikani," nikasema.
"Kama kitambaa?"
"Kama kitambaa."
Akacheka mpaka akakohoa. Vilikuja pamoja, akasema,
bastola hii na jora moja, kwa babu wa mume wangu.
Jora tulizikia watu. Hii ikabaki.

Kwenye mti, mkabala na mtambo, ndani ya alama kama yai,
herufi za mkaguzi. Ya kwanza imezama sawasawa,
ya pili imeelemea upande: mwisho wa zamu, nadhani,
mkono umekufa ganzi, bado sanduku zima la kukagua.
Mimi pia hutia herufi zangu kila jioni kwenye daftari la ghala.
Ya pili huelemea.

Matumizi ya silaha?
"Kuwasha moto."
Nikainua kalamu.
"Masika kiberiti kinalowa. Unakwangua mwanzi mkavu,
unaweka unga wake hapa kwenye kisahani, unavuta. Cha!
Nimepika ugali wa harusi tatu kwa hiyo."
Nikaandika: *kuwasha moto wa jikoni.*
Mkuu wa kituo akikasirika, akasirike.

Nikampa stakabadhi. Akaikunja mara nne. Hakuondoka.
"Chuma ni chenu," akasema. "Jiwe ni langu."
Jiwe lililokuja nalo liliisha zamani, kabla ya Wajerumani kugombana na Waingereza.
Hili mama mkwe aliliokota Ruaha Mdogo, maji yakiwa chini,
akalichonga mwenyewe kwa mgongo wa jembe,
akavunja matatu kabla ya kulipata hili,
akamkataza kila mtu kuligusa isipokuwa mkazamwana.

Nikaisoma fomu upya, mbele na nyuma.
Mtutu umo. Kitako kimo. Mtambo umo, hata mkanda wa kubebea umo.
Nikatafuta bisibisi.

Akalifunga kwenye pindo la khanga, pale watu wanapofunga nauli,
akatoka, na kwa hatua sita ukungu ukamchukua.

Nikafungua daftari la ghala:
bastola moja, ya zamani, ya Merikani, ina kuku.
Taya tupu.
T. M.