Kuosha Vyombo Uswisi

Hilali kaja na makaratasi, kayatandaza
juu ya meza ambayo nayo imo katika orodha ya vitu vya kutupwa.
Anataka ukuta wa nyuma uondoke wote,
pawe na kioo kutoka sakafuni hadi darini,
na kisiwa.
"Kisiwa?" Mama kauliza. "Cha nini? Si tulitoka kisiwani?"
Kumbe ni kabati la katikati ya jiko,
marumaru juu, na viti virefu
vya kukaa mtu nusu amesimama.

Nyumba yetu ya Coventry, ya matofali mekundu,
imebanwa na majirani huku na huku.
Baba aliinunua mwaka sabini na nne
kwa ujira wa kukaza nati kiwandani, zamu ya usiku,
akaapa kwamba kila Jumapili ataitengeneza.
Alitengeneza mlango wa uani tu, na hadi leo unakwama:
tunaupiga bega, kisha tunamrehemu.

Ilham, binti wa Hilali, kachagua bafu lenye miguu ya simba.
Mimi nimechagua, naona haya kusema,
droo zinazojifunga zenyewe polepole, bila kishindo.
Nimekulia katika nyumba ya vishindo,
ngazi ya tatu ikilia, na ya tisa,
tukajua nani anarudi, saa ngapi, na kwa hasira gani.
Nina vigae sita mkononi, kila kimoja na jina lake:
chaza, maziwa, ukungu, chumvi…
Navigeuza kwenye mwanga. Ni vyeupe.

Fundi Zbigniew, penseli sikioni,
ndiye aliyekumbuka kuuliza.
"Na wewe, mama? Ndoto yako?"
Mama alikuwa sinkini, kama kawaida, ametugeuzia mgongo.
Akasuuza sufuria. Akaipindua.
"Dirisha," akasema. "Hapa."
Na kidole chenye povu akakigusisha ukutani
palipotundikwa kalenda ya muuza nyama.

Kila mwaka muuza nyama humpa kalenda,
na kila mwaka, sijui kwa nini, ni milima ya Uswisi:
theluji, kijumba cha mbao, ng'ombe mwenye kengele.
"Miaka arobaini na tisa naosha vyombo
nikitazama Uswisi," akasema.
"Ng'ombe wao nawajua. Anayepita uani kwangu simjui."
Tulicheka. Halafu tukaacha.

Zbigniew akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole
mara mbili, kama mtu anayepiga hodi,
akatikisa kichwa. Nyuma ya ukuta ule
si nje. Ni jiko la Bibi Pritchard.
Tukitoboa, Mama atamtazama Bibi Pritchard
naye akiosha vyake,
na hao wawili wamekwisha kuonana vya kutosha.

Kimya. Hilali akaanza kukunja makaratasi.
"Na sinki?" Mama akauliza. "Haliwezi kuhama?
Mimi nilihama."

Mita tatu za bomba, kumbe. Siku moja na nusu ya kazi.
Nikamwona Hilali akipiga hesabu kwa midomo,
nami nikapiga zangu:
sahani za watu saba, mara tatu kwa siku,
Idi, matanga, rafiki zetu waliofuata pilau
wakaondoka bila kusuuza hata kikombe,
na hakuna mmoja wetu
aliyewahi kusimama pale muda wa kutosha
kuona kwamba ni ukuta.

Kisiwa kimefutwa. Kioo kimepunguzwa nusu.
Bafu la simba Ilham amegoma kuliacha, na Mama yuko upande wake.

Zbigniew akamsimamisha kwenye ukuta wa uani,
penye mapipa ya taka, kamba ya nguo, na paka wa mtu,
akafungua futi apime macho yake yako wapi.
"La kufunguka," Mama akamwonya. "Picha ninayo."
Penseli ikachora mstari.
Akautazama, akasogea, akautazama tena.
"Teremsha kidogo," akasema.
"Kidogo tena. Mimi bado nafupika."