Wapemba na Vilemba

Msimu wa vuno, ghala letu la Wete
linanuka hata ndani ya chai.
Mie karani wa mizani. Faki Mcha anashona magunia
kwa shazia ndefu kuliko kidole chake.

Siku hiyo akaingia mgeni, kofia pana, kalamu sikioni.
"Mchina huyo, Mauwa, msemeshe!"
Nikatoa nihao yangu, ile ya kwenye televisheni.
Akatabasamu kama mtu aliyekanyagwa mguu sokoni.
"Naitwa Eunji," akasema. "Natoka Busani. Korea."

Niliona haya mpaka kwenye nyayo.
Mie, ambaye kule Darajani
huambiwa, "Nyie Wapemba nyote mamoja,"
kana kwamba Mkoani na Micheweni wanasema ulimi mmoja.

Jioni nikanunua daftari la kurasa mia,
nikaligawa mafungu matatu kwa vipande vya uzi wa gunia.

Nilianza na vilemba, maana ndivyo tujuanavyo.
Kichina: mraba uliojaa, vijiti juu ya vijiti,
hapana pa kupitisha hata sindano.
Kijapani: miraba ile ile, lakini katikati yake
vijikulabu vimelegea, kama nyuzi baada ya kushona.
Kikorea: vistari na viduara,
kila silabi chumbani mwake.
Ukiona duara, meza nihao yako.

Kisha sauti.
Ma, mama. Ma, katani. Ma, farasi. Ma, tusi.
Ikinyooka, ikipanda, ikizama, ikianguka.
Faki akauliza, "Unamwita nani tangu asubuhi?"

Kitenzi cha Kichina ni nguzo:
jana, leo, kesho, hakijitikisi.
Nikatazama *hatutawashonea* yangu
na mkia wake, na kichwa chake, na watu wote waliopanda ndani.
Mjapani na Mkorea, wao, hukiweka mwisho:
*mie gunia usiku ghalani…*
hapo unasubiri, roho juu,
nimelipima au nimeliiba?

Lakini kuna mahali nilicheka peke yangu.
Hawahesabu hivi hivi, wale.
Kitu bapa kina neno lake la kuhesabia,
chembamba kirefu kina lake.
Ngeli hizi! Nani kawapa?

Na Mkorea ana hesabu mbili,
moja ya kuzaliwa nayo, moja ya kuazima China.
Nikataka kumhurumia, nikakumbuka mizani yangu:
naanza moja, mbili, tatu, niko kwetu;
nikifika sita, saba, nishavuka kwa Mwarabu.

Bibi yangu aliandika mahitaji ya duka kwa alifu na be.
Wau moja, u na o; ukisoma vibaya
unarudi na kitu kingine.
Basi nilipoona Mjapani amekopa alama ya Mchina
akaipa jina la nyumbani na jina la ugenini,
sikushangaa. Nilimkumbuka bibi,
na kibati chake cha kalamu.

Sijui kusema lugha hata moja kati ya hizo tatu.
Nimejua tu nisichokijua kiko cha aina ngapi.

Wiki ya tatu Eunji akarudi kuchukua sampuli.
Nikamwomba jina la karafuu, kwa zote.
Dingxiang, akasema. Choji. Jeonghyang.
Akaandika Kichina, akaandika Kijapani:
yote mawili yanaanza na 丁.
Kikorea chake kilikuwa viduara vitupu.
"Yumo humo humo," akasema, "ila hatumwandiki tena.
Maana yake msumari."

Faki, ambaye hajapata kusoma barua yake mwenyewe,
akaacha shazia ikining'inia kwenye gunia,
akainama, akaiweka karafuu moja kavu
juu ya karatasi, kando ya ile 丁,
kichwa kwa kichwa, kijiti kwa kijiti.

"Hii naisoma," akasema.